Sijawahi Kukataa Kete

Jumanne, 5 Juni 2007

Siku tukufu! Nimeshinda michezo mitatu ya chesi kwenye mtandao, duka langu la mbegu likiwa limefungwa kwa chakula cha mchana. Mpinzani mmoja alikuwa Mbrazili. Alinikimbia baada ya hatua nne. Cherono, mwenye saiba, chumba cha intaneti ninamochezea, anadai ni laini ya simu iliyokatika. Wivu.

Mtindo wangu ni mmoja: nakula. Nililelewa Molo kwa drafti ya vifuniko vya soda, na kwenye drafti kula ni lazima. Tangu Januari nacheza chesi hivyo hivyo. Kete ikiachwa mbele yangu, naibeba. Jina langu mtandaoni ni Bingwa wa Nakuru. Leo nimempelekea mchoraji wa mabango fulana aliandike kifuani, herufi nyekundu.

Tatizo ni Mama Payal wa duka la vitambaa, ng'ambo ya barabara. Hucheza kwenye kompyuta ya dukani kwake, katikati ya wateja, na amemwambia Cherono kuwa jina hilo ni kubwa kuliko mimi. Kuliko mimi! Nimemwambia tukutane ubaoni Jumamosi. Atakayeshindwa anaacha jina lake, mshindi anamchagulia jingine. Amekubali bila hata kuinua macho kutoka kwa kitambaa alichokuwa akipima.

Alhamisi, 7 Juni

Ujanja mtupu! Nimefungua akaunti ya pili, Mwalimu Chesang wa Molo, mama mpole, ili nimpime Mama Payal bila yeye kujua. Nikaanza na farasi, kama kawaida yangu. Akaniachia askari. Nikala. Akaniachia wa pili. Nikala. Hatua ya tisa akaandika: "Kiprugut, Kiamunyi kuna baridi leo?" Jina langu halisi, na mtaa ninaokaa!

Kuna mtu amenisaliti. Namshuku Cherono. Sikumuaga nikitoka.

Jumamosi, 9 Juni

Fulana imekuwa tayari. Nimeivaa. Watu wanane saiba, wote nyuma ya kiti changu. Askari, nikala. Farasi, nikala. Watu wakaguna, nikadhani ni heshima. Kisha akaniletea malkia mzima! Nikala malkia. Hatua iliyofuata, mfalme wangu hakuwa na pa kwenda.

Niliumia, siwezi kujidanganya humu. Nilibofya kila mraba kwenye kioo cha kompyuta mpaka Cherono akaniuliza, "Boss, uko sawa?" Ndipo akanieleza kwamba kwenye chesi hakuna anayekulazimisha kula. Miezi mitano! Mbona hakuna aliyesema? Cherono anasema alisema Januari, Februari na Pasaka.

Jina nililopewa ni Mgeni Mzuri. Mama Payal amesema mgeni mzuri ni yule asiyekataa anachopakuliwa. Ukifikiria vizuri, hiyo ni sifa.

Jumapili, 10 Juni

Fulana imerudi kwa mchoraji. Mgongoni aandike MGENI MZURI. Kifuani pabaki vilevile, kwa sababu nimempigia Mama Payal simu na amekubali marudiano Jumanne. Nikishinda, narudishiwa jina langu. Nimefanya mazoezi mezani: nyama iko mbele yangu, siigusi. Niliweza dakika tatu.

Jumanne, 12 Juni

Mimi ni mtu mpya! Akaniachia askari: sikugusa. Farasi: sikugusa. Ngome: nikafunga macho mpaka tamaa ikapita. Kufikia hatua ya ishirini na nane, askari wangu alikuwa amebakiza hatua mbili awe malkia. Hata Cherono alikiri kwamba naongoza, na Cherono si mtu wa kukiri. Kwenye saa ya mchezo nilikuwa na dakika nne.

Ndipo ikaingia sahani kutoka ng'ambo ya barabara. Bhajia za viazi vya Molo, moto, na chatini ya ukwaju. Mama Payal alituma salamu, eti nisicheze na njaa. Cherono akasema, "Mzee, saa inaenda." Nikamweleza kwamba chakula cha jirani hakiachwi kipoe. Nikala zote kumi na mbili, nikafuta vidole nisichafue kipanya cha watu, nikageuka. Kioo kilisema muda wangu umekwisha.

Kwa hiyo ijulikane: ubaoni sikula hata kete moja. Mama Payal hakunishinda, ni saa. Tunarudiana Alhamisi. Nimemtuma Cherono amwambie mara hii apunguze chumvi kwenye chatini.