Kutekwa kwa Upande wa Kushoto wa Kichwa cha Paskazia

Tulieni mlipo, enyi watu wa Cheyo hapa Tabora, nanyi wa ng'ambo ya reli, nanyi wakulima wa Puge mlio na ushahidi wenu katika habari hii. Aliye na jembe na aliweke chini, aliye na chungu motoni na akiepue, kwa maana ninalotaka kulisimulia halikupata kutokea katika nchi ya Unyanyembe tangu wapagazi walipoanza kupita hapa na pembe mabegani hata siku Mwingereza alipopandisha bendera yake. Walioandika habari za njia yetu ya misafara wameandika vita, wameandika tembo, wameandika wageni walioshikwa na homa wakabebwa kwa machela. Kichwa cha Paskazia binti Sylvester hawakukiandika. Nakiandika mimi, Hilari, fundi cherehani wa Cheyo, wala si kwa kupenda, kwani katika vita hivi mimi nilikuwa miongoni mwa walioshindwa.

Mwaka ule wa 1954 aliishi kwetu Apolinaria, mwanamke wa mikono miwili na kazi za mikono minane. Alikuwa muuguzi na mkunga katika nyumba ya wazazi ya hospitali, mke wa Sylvester mshika bendera wa stesheni, mama wa watoto watatu, na mwalimu wa kwaya ya akina mama kanisani. Tena kila mwezi alipanda lori la hospitali akaifuata njia ya kaskazini mpaka Puge, kupima wajawazito na kuwapima watoto uzito. Lini alilala, wanahistoria hawakubaliani. Sylvester alizoea kusema kwamba yeye maisha yake yote ni kungoja gari moshi na kumngoja mkewe, na kati ya hao wawili gari moshi ndilo lenye adabu ya kupiga honi likichelewa.

Basi Paskazia, mwenye miaka minane, alikuwa apokee Komunyo ya Kwanza siku ya Jumapili. Jumatatu alasiri Apolinaria akatandika mkeka, akaweka chupa ya mafuta ya nyonyo kuume kwake, akashika chanuo la mpingo alilorithi kwa mama yake, akakigawa kichwa cha bintiye nchi mbili, akaingia vitani. Upande wa kulia ulipigana kwa muda wa saa nzima, ukasalimu amri: mistari sita myembamba, imenyooka kama reli ya Mwanza. Hapo hapo, chanuo likiwa limeinuliwa juu ya upande wa kushoto, akafika tarishi wa hospitali kwa baiskeli na habari kwamba nesi wa zamu ameanguka kwa homa. Apolinaria akainuka na mafuta vidoleni.

"Nakuja sasa hivi," alimwambia bintiye.

Nimeandika habari hizi kwa uangalifu mkubwa, lakini urefu wa hiyo "sasa hivi" sikuweza kuupima kwa futi yangu yoyote. Jumanne palikuwa na zamu, kisha kwaya. Jumatano alfajiri lori likaondoka kwenda Puge. Kichwa kikabaki nusu mji na nusu pori, kulia mistari, kushoto nywele zimesimama wima zikingoja adui asiyekuja, na Paskazia akaenda mafundisho amejifunga kitambaa.

Kitambaa hakikudumu. Watoto wa mafundisho wakakivuta, wakaona, na mmoja wao akatoa hukumu: "Mama yako ni wa watu wote. Ndiyo maana wewe umepata nusu." Paskazia hakulia. Alikikunja kitambaa, akakitia mfukoni, akarudi nyumbani kichwa wazi, akapita mbele ya duka langu hatua moja moja ili kila mtu aone. Nikamuuliza anakwenda wapi hivyo. Akasema atakaa hivyo mpaka mama amalize, na kama mama hakumaliza, Jumapili haendi mezani kwa Bwana. Nilicheka, Mungu anisamehe, kwa sababu sikujua ninaongea na ngome.

Wa kwanza kuishambulia ngome hiyo alikuwa shangazi yake, Eustadia wa vidole vyepesi, ambaye nusu ya vichwa vya Cheyo vimepita magotini pake.

"Mwanangu," alisema Eustadia, akiketi kigodani kwa uzito wa mtu aliyekuja kuhutubia, "mimi nilisuka watu kabla baba yako hajaota meno. Nimesuka maharusi, nimesuka wafiwa, nimesuka mke wa liwali. Lete hicho kichwa nikipige twende kilioni, na kabla ya ugali kuiva tumemaliza."

"Shikamoo shangazi," alisema Paskazia.

"Marahaba."

"Twende kilioni ni ya msibani. Mimi naenda kwa Yesu."

"Basi taja mtindo wowote."

"Mtindo si neno, shangazi. Nataka mkono ulioanza. Wewe mwenyewe ulisema kichwa kikianzwa na huyu kikamalizwa na yule, nywele zinagombana."

Eustadia kweli alikuwa amesema hivyo, tena mbele ya mashahidi, siku alipokuwa akimzuia mteja wake asiende kumaliziwa na msusi jirani. Akachukua kigoda chake akaenda.

Wa pili nilikuwa mimi. Mimi ndiye niliyekuwa nikishona shela la Komunyo, jeupe, lenye pindo la maua madogo, na nilikwenda kulipima nikiwa na ushindi mkononi. Nikamweleza kwa upole kwamba shela hili linaanzia kwenye paji la uso na kuishia mabegani, na kwamba chini yake mtu anaweza kuficha kichwa kilichosukwa, kisichosukwa, au kikapu cha viazi. "Sasa mjukuu wangu," nikamaliza, "ni nani atakayeona?"

"Yesu anaona chini ya shela, Babu Hilari."

Miaka thelathini nimekuwa nikishona, na kitambaa changu hakijawahi kujibiwa namna hiyo. Nilikunja futi yangu.

Huko Puge nako Apolinaria alikuwa na vita vyake. Alipima wajawazito arobaini na mmoja, akapima watoto wasiotaka kupimwa, na Alhamisi, wakati wa kurudi, mvua ikashuka, lori likazama kwenye tope la mbuga mpaka ekseli. Mahali pale pale ambapo misafara ya zamani ilikuwa ikitua mizigo na kulaani, wao nao wakatua na kulaani, ila Apolinaria, kwa kuwa mwalimu wa kwaya halaani. Katika lori alikuwamo Minza, mke kijana wa Puge mwenye mimba ya kwanza, aliyeletwa mjini kwa sababu miguu yake ilikuwa imevimba. Walipokuwa wakingoja kuvutwa na ng'ombe, Apolinaria alimsimulia habari za kichwa kilichobaki nusu, na Minza akasikiliza kama mtu anayesikiliza habari za njaa.

"Ukifika umalize, nesi," alisema Minza. "Mimi mama yangu alikufa nikiwa mdogo. Nakumbuka magoti yake tu, nilivyokuwa nakaa katikati yake anisuke."

Walifika Ijumaa jua likizama, wametapakaa tope. Jumamosi alasiri mkeka ukatandikwa tena, mafuta yakafunguliwa, na mstari wa kwanza wa kushoto ulikuwa umefika utosini pale mlango ulipobishwa na ujumbe wa akina mama watatu wa kwaya. Sauti ya pili ya wimbo wa Komunyo imeanguka, Padri Dionis anauliza mwalimu yuko wapi. Na baada ya kwaya palikuwa na zamu ya usiku, iliyopangwa tangu mwanzo wa mwezi. Mstari ule ulioishia njiani ukafunguka wenyewe.

Hapo Paskazia, ambaye wiki nzima hakuwa amelalamika, akageuka mkekani akamtazama mama yake.

"Mama, wagonjwa wakikuita unakwenda. Kwaya wakikuita unakwenda. Na mimi nikikuita?"

Akina mama wa kwaya wakatazama ukuta. Apolinaria alisimama na chanuo mkononi, na Eustadia, aliyekuwapo, ananiambia kwamba hakuliweka chini. Ilimuuma. Alijua mtoto hakukosea hata neno moja.

"Wewe niite," alisema mwishowe. "Niite kesho asubuhi, popote nilipo. Nitakuja."

Jumapili ikapambazuka. Misa ya Komunyo ilikuwa saa mbili. Saa kumi na mbili Sylvester mshika bendera alimpandisha bintiye kwenye keria ya baiskeli, akalitundika shela langu shingoni mwake mwenyewe lisichafuke, akaenda naye mpaka nyumba ya wazazi. Wote wawili walikuwa wamefunga kwa ajili ya Komunyo, hawajatia kitu kinywani tangu usiku. Mtoto akashuka, akapanda ngazi ya baraza, akasimama kwenye kizingiti bila kukivuka, akaita mara moja tu.

"Mama."

Naye Apolinaria akatoka. Alitoka na aproni ya usiku kucha, macho mekundu, mikono inanuka sabuni ya dawa, na ubavuni mwake akimshika Minza wa Puge, ambaye uchungu ulikuwa umemwanza jioni ya Jumamosi na ambaye alikuwa ameambiwa atembeetembee. Aliyemfahamu vizuri anasema kwamba katika uso wa Apolinaria palikuwa na vita kati ya mtoto na mgonjwa, na kwamba aliyevimaliza ni Minza.

"Huyu ndiye mwenye kichwa?" aliuliza Minza, ameegemea nguzo. "Msuke, nesi. Wangu hana haraka. Huyu ana misa."

Apolinaria akaitazama saa iliyobanwa kifuani pake. Uchungu wa Minza ulikuwa ukija kila baada ya dakika saba, na baina ya uchungu na uchungu palikuwa na amani ya dakika sita. Mkunga huyo akaketi ngazini, akamweka bintiye katikati ya magoti, akaingia vitani tena.

Mstari wa kwanza ukaanguka katika amani ya kwanza. Minza akaugua, Apolinaria akaondoka akamsugua kiuno mpaka uchungu ukapita, akarudi. Mstari wa pili ukaanguka. Sylvester alishika chupa ya mafuta kwa mkono mmoja na shela kwa mwingine, amesimama wima kama anayengoja gari la abiria. Wakiwa kwenye mstari wa tatu, Bibi Matroni, mkuu wa wauguzi, akatokea kukagua, akaona ngazi ya wodi yake ina mtoto, chanuo na mume.

"Nesi Apolinaria, watoto hawaruhusiwi kuingia wodini."

"Ndiyo, Bibi. Hajaingia. Yuko ngazini."

Bibi Matroni akaitazama ngazi. "Naona," alisema, akaingia ndani kusoma karatasi za wagonjwa, na inasemekana hakupata kuzisoma taratibu namna ile tena. Nesi wa zamu ya mchana akafika, lakini Apolinaria alikuwa amemwahidi Minza kuwa naye mpaka mwisho. Wa nne ukaanguka, na dakika zikapungua. Wa tano ukasukwa mnene na wa kombo, kwa kuwa Minza alikuwa sasa akizihesabu pumzi kwa Kinyamwezi na amani zimekwisha. Chupa ya uzazi ikapasuka. Apolinaria akaacha chanuo limesimama kichwani mwa bintiye, akaingia ndani na mgonjwa wake, mlango ukafungwa.

Ulibaki mstari mmoja. Kengele ya kwanza ya kanisa ikalia.

"Mwanangu," alisema Sylvester, "mmoja tu. Nyuma ya sikio. Hata sisi hatuuoni."

"Nimemwita, baba. Kasema atakuja."

Baba akaketi ngazini, kwa kuwa yeye naye alikuwa mtu wa kungoja. Robo saa hivi ikapita, kisha pakasikika ndani sauti ndogo yenye hasira ya mtoto wa kike wa Puge, akidai haki yake katika dunia. Na mlango ukafunguliwa, Apolinaria akatoka akikung'uta maji mikononi, ameshaivua aproni na kumwachia nesi wa mchana yaliyobaki.

"Twendeni," alisema. "Panda baiskeli."

Ndipo Tabora ilipoona msafara ambao njia yetu haijapata kuubeba: mbele Sylvester akisukuma baiskeli, shela shingoni, kwenye keria Paskazia, mgongo wima, mikono magotini, na ubavuni, upande wa kushoto, Apolinaria akitembea mwendo wa kipagazi, vidole vikienda, akisuka. Walipita sokoni akisuka. Waliamkiwa wakaitika akisuka. "Tumsifu Yesu Kristo," watu walisema, naye akajibu, "Milele amina," wala hakuinua macho. Kengele ya pili ilipoanza kulia, baiskeli ilisimama mlangoni pa kanisa, na Apolinaria akafunga fundo la mstari wa sita nyuma ya sikio la kushoto, akaliachia.

Nilikuwa pale mlangoni. Nilikiona kichwa kizima kwa muda wa kuhesabu kumi: kulia mistari sita myembamba, kushoto sita minene inayopinda. Kisha shela langu likashuka, na ila wazazi wake, hakuna mwanadamu mwingine aliyekiona kimekamilika siku hiyo. Watu wote walilisifu shela. Sikuwahi kusifiwa namna ile, wala sikuwahi kujiona mdogo namna ile.

Baada ya wiki tatu nywele zilikuwa zimechakaa, na Eustadia akaja na kigoda chake kumfumua mtoto ili asukwe upya. Paskazia akaketi, akamwachia upande wa kulia, ukafumuliwa wote. Shangazi alipogusa wa kushoto, mtoto akakishika kichwa kwa mikono yote miwili.

"Huu bado, shangazi."

"Huu ndio mbaya zaidi, mwanangu. Umepinda, tena unanuka dawa ya hospitali."

"Ule alinisuka kwa sababu ilikuwa Jumatatu," alisema Paskazia. "Huu nilimwita akaja."

Basi iandikwe, chini ya vita na tembo, kwamba siku nyingine kumi na moja binti Sylvester alitembea Cheyo nusu kichwa kimesukwa na nusu kimesimama wima, bila kitambaa, na hakuna mtoto wa mafundisho aliyethubutu kumuuliza.