Pudini Yangu na Jagi la Dalmas

Jumapili, 21 Desemba 2025
Nimejitolea. Pauline, mwenyekiti wa Wakenya wa huku Jeddah, aliuliza kwenye grupu ni nani ataleta kitu kitamu cha Krismasi. Watu arobaini, Ijumaa, wengine wanakuja na basi kutoka Riyadh. Nikasema mimi. Pudini ya mvuke. Nimemfanyia kazi mzungu Naivasha. (Nilikuwa naosha mbwa, lakini dirisha la jikoni lilikuwa wazi.) Pauline akanikumbusha wali mbichi wa mwaka jana. Nikiharibu tena, kazi yangu itakuwa kubeba viti mpaka Yesu arudi. Nikipatia, Pasaka mimi ndiye mpishi mkuu. Sawa. Aanze kunishonea aproni.

Jumatatu, 22 Desemba
Nimeangalia video. Zabibu, tende, mkate uliopondwa, siagi, mdalasini. Mzungu anatia pombe. Hapa pombe mafi, yaani hakuna kabisa, nitatia chai ya rangi. Unafunga bakuli kwa kitambaa, unalitumbukiza nusu kwenye sufuria ya maji, unachemsha kwa muda wa saa nane. Hapo bando likaisha. Yaliyobaki ni mapambo tu.
Dalmas, Mkenya mwenzangu, ni mlinzi wa geti hapa mtaa wa Al-Safa, kwenye nyumba ya bosi na madam ninaowaendeshea gari; tunalala chumba kimoja. Akauliza saa nane zote, na maji je? Nikamwuliza yeye ni polisi? Mtu haulizi bure.

Jumanne, 23 Desemba
Leo nimepika ndogo ya kujaribu. Nilimpeleka madam saluni, kurudi nikamkuta Dalmas kasimama kwenye sufuria yangu, jagi mkononi. Ananimwagia maji! Eti anasaidia. Nilimpeleka madam sokoni, kurudi, jagi tena. Mara tatu.
Pudini ilitoka laini, tamu, nusura nilie. Dalmas alikula vipande viwili, akasema, "Kaka, hii umeweza." Adui akikusifu, hesabu vidole vyako. Ingekuwa tamu zaidi bila hayo maji yake.

Alhamisi, 25 Desemba
Krismasi, lakini kazi ni kazi. Pudini kubwa imeingia motoni saa nne asubuhi. Saa sita madam akasema yalla, tunaenda kwa dada yake. Nimefunga mlango wa jiko kwa kufuli, ufunguo nikauweka ndani ya soksi. Dalmas akanifuata hadi kwenye gari, jagi mkononi, akinisihi nimwachie ufunguo. Nilipandisha kioo.
Dada ya madam anaongea sana. Tumerudi saa kumi na moja. Moshi. Dalmas alikuwa amevunja dirisha na anamwaga maji ndani kwa ndoo. Sasa amehamia kwenye ndoo! Bosi alitoka akauliza kuna nini. Nikasema ni desturi yetu ya Krismasi. Amesema kioo kitakatwa kwenye mshahara wangu.
Chini ya sufuria pametoboka. Pudini ni nyeusi. Lakini kwenye video pia ilikuwa nyeusi.

Ijumaa, 26 Desemba
Nilimwaga maziwa ya unga juu ikapendeza. Kisu kilikataa kuingia. Naftali, mhudumu wa mkahawa kule Sulimaniyah, aliyesafiri usiku kucha kutoka Riyadh, akauliza kama nyama choma inakuja, maana makaa ameyaona. Watu arobaini wakacheka. Pauline hakucheka. Alinyoosha kidole tu, kuelekea kwenye viti.

Jumamosi, 27 Desemba
Halas, yamekwisha, siri imefichuka. Pauline ameandika kwenye grupu kwamba Dalmas ndiye mpishi mkuu wa Pasaka, kwa sababu pudini ya mvuke lazima iongezwe maji kila nusu saa, na Dalmas alijua. Alijua! Alijua na alikuwa anamwaga. Yaani amekiri mbele ya watu wote, nao wanampigia makofi. Alikuwa anawinda cheo changu tangu Jumatatu.
Viti nitabeba. Lakini Pasaka nakuja na kuku wangu mwenyewe, nimkaange kwenye mafuta mengi, yachemke kabisa. Halafu tuone kama Dalmas atathubutu kusogea na maji.