Namna ya Kuinuka Mbele ya Mjumbe

Jumatatu, 17 Novemba 1975
Aibu! Tulipoitwa kwenye bendera niliinuka upesi mezani kwangu, ofisi ya mizigo, macho yakaingia giza. Nikazinduka chini, mbele ya viatu vya chef, mkuu wetu wa ofisi. Constant, karani mwenzangu (kazini ni Citoyen, yaani Raia, Lifeta, tangu majina ya Kizungu yakatazwe), akawaambia wote nimelewa. Muongo! Nilikunywa Jumapili tu.

Na wakati wenyewe mbaya. Tarehe 24 mjumbe wa Chama atachagua mmoja wetu aongoze kikundi cha animation, cha kumwimbia na kumchezea Kiongozi wa nchi, na kupanda boti ya Kinshasa. Lazima niwe mimi.

Jumanne, 18 Novemba
Kwa muuguzi, Mama Micheline. Alinipima presha nimelala, akanipima nimesimama. Nikisimama inashuka. Kanipa vidonge vya kuipandisha: asubuhi na mchana, usiku hapana, na nikishameza nisilale. Kuinuka polepole: kuketi, kungoja, ndipo miguu. Nikauliza kama nikimeza vitatu nitasimama mara tatu zaidi. Akasema bon, papa, presha tutaipandisha, lakini akili haina kidonge.

Alhamisi, 20 Novemba
Dunia imetulia! Nimesimama mara kumi na moja bila kuanguka. Ngozi ya kichwa inawasha kidogo kwa vidonge, si kitu. Nilitaka kujizoeza kuruka kama Constant, ambaye huwa wima kabla jina la Kiongozi halijaisha kutamkwa. Mke wangu Odile akasema nikianguka tena anarudi kwao Yanonge.

Jumatatu, 24 Novemba
Hotuba. Kila Kiongozi akitajwa, wote wima. Ametajwa mara ishirini na sita! Constant akaruka kama panzi. Mimi, kwa kumwogopa Odile, nikafuata masharti: mgongo kwanza, nikangoja, kisha miguu. Wa mwisho kila mara. Nilijua nimekwisha.

Mjumbe akakatiza hotuba yake, akaninyooshea kidole. Akasema huyu peke yake anainuka kwa heshima, wengine wanaruka kama walioingiliwa na siafu. Akaamuru ofisi nzima ijifunze kwangu. Constant alirudishwa kuketi mara tatu. Boti ni yangu! Kwa furaha nilimkumbatia hata yeye.

Jumanne, 25 Novemba
Mtu aliyesifiwa na Chama hana ugonjwa. Vidonge vimebaki kabatini. Asubuhi tarishi alipobisha na barua ya safari, niliruka kutoka kitandani kuipokea.

Naandika nikiwa sakafuni. Odile amekwenda kumwita Micheline. Barua ninayo, jina langu limeandikwa sawasawa. Kosa ni la kitanda, ni kifupi mno. Kesho nitaruka kutoka juu ya meza.