Kumi Waliopigwa Marufuku Kusoma

Jumatatu, 3 Machi
Mkuu wa shule anataka kufuta saa ya kusoma maktabani, awape wanakwaya nafasi hiyo. Labda ithibitike kufikia Ijumaa kwamba inasaidia. Saa yangu! Ndiyo saa pekee ambayo hakuna anayeniuliza mbona niko kimya. Nimemwandikia barua kwamba nitafanya tathmini. Kumwambia uso kwa uso kungenishinda. Amekubali! Mama mdogo, mtathmini wa miradi, amecheka. Eti zamani ilitosha kuwa na kalamu na uso mkavu. Siku hizi kuna chama, viwango, maadili na mitihani. Nikamuuliza mitihani mingapi. Akasema nile kwanza.

Jumanne, 4 Machi
Nimesoma kitabu cha mama mdogo cha mbinu za tathmini, kurasa tisini. Maajabu! Lazima liwepo kundi la kulinganisha, lisilopata huduma. Nimewagawa wa kidato cha kwanza kwa kura: kumi wasome, kumi marufuku kugusa kitabu cha hadithi. Kabati la hadithi nimelifunga kwa kufuli. Kiongozi wa kwaya ameniita Daktari Marufuku. Nimejisikia fahari kidogo.

Jumatano, 5 Machi
Jambo geni. Marufuku wanachungulia dirishani! Mmoja aliuliza kwani mle kabatini mna nini. Nikamjibu siruhusiwi kusema, ni utafiti. Macho yalimtoka.

Alhamisi, 6 Machi
Jaribio la kusoma. Wasomaji wamepanda alama mbili tangu jaribio la Jumanne. Marufuku, saba! Kumbe wenzao walikuwa wakiwapitishia vitabu, nao wanasoma kwa zamu chooni. Mkutubi anasema hajawahi kuona foleni ile. Mama mdogo ameguna: kundi limechafuka, na isitoshe, mtu hatathmini kitu anachokipenda. Nikauliza hiyo ni kanuni ya ngapi. Ya kwanza, mwanangu.

Ijumaa, 7 Machi
Ningeweza kubadilisha safu za alama. Sikubadilisha. Maadili! Mkuu alisoma ripoti mara mbili, akanishika mkono. Akasema dawa imepatikana: saa ya kusoma ifutwe, kabati libaki limefungwa, watoto watasoma wenyewe. Kwaya ilishangilia kwa sauti nne.

Jumatatu, 10 Machi
Saa yangu nimeikalia nje, chini ya dirisha la maktaba, wanakwaya wakipasha sauti ndani. Kosa nimeligundua: kundi lilikuwa dogo mno. Nimemwandikia mkuu barua, nitathmini kwaya. Ishirini waimbe, ishirini marufuku hata kupiga mluzi. Amekubali! Kufuli jingine ninalo.