Kesi Moja, Wateja Wawili

Jumatatu, 4 Machi

Mwanangu amejipiga muhuri wa ofisi kwenye paji la uso, sasa hivi. NAKALA HALISI. Nimesugua kwa mate, nimesugua kwa sabuni. Wapi! Mchapaji, mwenzangu hapa ofisini kwa Wakili, akasema tusihangaike, kila mtu anaona ni nakala yangu. Nimeuficha muhuri pasipofikika: chini ya nguo za mtoto, ndani ya boksi la karatasi analolalia.

Habari kubwa! Wakili ametangaza anataka mtu wa kumwendeshea ofisi, yeye abaki na mahakama yake. Ijumaa atachagua: mimi au Mchapaji. Atakayechaguliwa anapewa kile chumba cha majalada ya zamani. Kina mlango! Kina dirisha! Mwanangu atalala kama mtoto wa watu, si chini ya meza akikanyagwa na viatu vya wateja.

Mchapaji ana cheti, kakiweka kwenye fremu. Mimi shule niliiacha njiani. Lakini akili ni nywele, na zangu hazishikiki kwa kitana.

Jumanne, 5 Machi

Nimemuuliza Wakili ofisi inakosa nini. Bila kuinua macho, akasema wateja. Kumbe ni hilo tu!

Mchana nikambeba mtoto mgongoni mpaka kwa Fundi Cherehani. Anafoka. Kinyozi, jirani yake, ametundika kioo nje, jua linaruka mle linamwingia machoni. Jana kashona mfuko wa suruali gotini! Nikamwambia asilie, baba, sisi tuna wakili.

Kutoka hapo, hatua tatu tu, Kinyozi naye anafoka. Fundi kakifunika kioo chake kwa kitambaa, wateja wanadhani kuna msiba. Nikamwambia asikubali kuonewa, mjomba, sisi tuna wakili.

Wawili! Kwa safari moja! Mtoto alipiga makofi.

Jumatano, 6 Machi

Nimefungua majalada mawili, jekundu na la kijani. Wakili alipoambiwa kesho saa nne kuna wateja wapya wawili, akatabasamu mpaka jino la nyuma. Sikumweleza zaidi. Raha ya zawadi ni kufunguliwa.

Mchapaji akauliza kama nimejaza lile daftari, ambalo kila mteja anaandikwa pamoja na mtu anayegombana naye kabla ya jalada kufunguliwa. Nimejaza! Fundi, anagombana na Kinyozi. Kinyozi, anagombana na Fundi. Limependeza, kama kitambaa cha mezani. Akasoma, akanitazama, akauliza, mdogo wangu, una hakika? Nikasema sana. Wivu huo.

Alhamisi, 7 Machi

Saa nne kamili. Benchi moja. Fundi kulia, Kinyozi kushoto. Makelele! Wakili akatoka, akauliza mteja ni yupi. Nikasema, kwa madaha, wote.

Wakili akayafunga majalada yote mawili. Kumbe wakili hasimami pande zote mbili za ugomvi mmoja! Na kwa kuwa wote wameshamwaga siri zao hapo kwenye benchi, hawezi kumchukua hata mmoja. Mchapaji akapita akinong'ona kuwa mshika mbili moja humponyoka. Mimi zilikuwa zimeniponyoka zote. Nikakiona chumba changu kinaota mbawa, dirisha na yote.

Hapo mtoto akatambaa kutoka chini ya meza, muhuri mkononi. Pa! Suruali ya Fundi. Pa! Koti jeupe la Kinyozi. NAKALA HALISI, wote wawili. Wakatazamana. Kinyozi akasema haya sasa, tumekuwa pacha. Fundi akacheka mpaka akakaa chini. Wakaondoka wameshikana mikono: kioo kitageuziwa ukutani, kitambaa kitatumika kushonea koti jipya.

Kesi imekwisha. Wateja pia.

Ijumaa, 8 Machi

Wakili amemchagua Mchapaji. Nililia kidogo, stoo, mtoto akanifuta kwa jalada la kijani.

Halafu Mchapaji akanifuata. Amri yake ya kwanza, akasema, ni mtoto alale kile chumba chenye mlango, maana yeye hawezi kuchapa huku anachungulia boksi. Ya pili, muhuri ukae kwake. Fundi naye kaleta kigodoro cha vipande vya nguo. Nimekilalia mwenyewe kwanza kukijaribu. Raha!

Bila shaka Mchapaji ananiogopa. Anajua mwezi ujao cheo ni changu, kwa sababu kosa langu nimeshaliona: benchi lilikuwa moja! Asubuhi nimempata mama mwenye nyumba anayetaka kumtoa mpangaji wake. Nimempata na mpangaji. Safari hii mmoja anakuja leo saa nane, mwingine saa kumi, na kwenye lile daftari sijaandika chochote, lisije likachanganya watu. Wakili ananiita. Anapaza sauti. Anauliza mbona mama mwenye nyumba hajamaliza kuongea, na mlangoni kuna mtu anasema na yeye ana wakili humu humu.