Viatu Ishirini na Tatu Chini ya Kitanda Changu

Kwa Mhariri wa Ukurasa wa Nyumba na Familia,

Mheshimiwa,

YAH: OMBI LA KUSIMAMISHA USAFI WA KRISMASI NCHI NZIMA, AU ANGALAU NYUMBANI KWANGU

Pokea salamu zangu. Natumaini barua hii inakukuta mzima, umekaa kwenye kiti chako mwenyewe, na hakuna mtu aliyekibandika karatasi.

Mimi ni msomaji wako wa miaka thelathini na moja. Sijakosa toleo hata moja. Nisiposoma gazeti lako asubuhi, chai hainishuki.

Basi, nisikudanganye, Krismasi si msimu wa uongo. Gazeti lako hunifikia likiwa limefungia sabuni, tena hunifikia nusu. Nimewahi kusoma kesi ya mtu aliyeiba baiskeli ya mchungaji, na mpaka leo sijui kama alifungwa au alisamehewa, maana sabuni ilikuwa ndogo. Shule niliishia darasa la nne, nikaingia kwenye kushona viatu, kazi niliyoifanya miaka arobaini kwenye kibanda cha mabati mkabala na posta. Lakini makala yako ya Jumamosi iliyopita nimeisoma yote, kwa sababu mke wangu ameikata kwa mkasi akaibandika kwenye mlango wa choo, upande wa ndani, mahali ambapo mzee wa umri wangu hukaa na kusoma mara sita kwa siku.

Makala inasema kitu chochote ambacho hakijatumika kwa miezi kumi na miwili kiondoke nyumbani kabla ya Krismasi. Inasema kila kitu kibandikwe karatasi: ya kijani KUBAKI, ya njano KUGAWA, nyekundu KUTUPA. Inasema nyumba ikipumua na watu watapumua. Jina la mwandishi halikuwekwa. Ningekuwa nimeandika maneno hayo mimi, na mimi ningejificha.

Malalamiko yangu ni haya, na nimeyapa namba ili usijifanye hukuyaona.

1. Chini ya kitanda changu kuna gunia lenye viatu ishirini na tatu. Si jozi, ni kimoja kimoja. Kama huijui kazi yetu, mtu kiatu kikimfunguka mdomo huleta hicho hicho tu, kile kingine hukiacha nyumbani. Nilipofunga kibanda miaka minne iliyopita kwa ajili ya mgongo, viatu hivi vilikuwa havijachukuliwa. Kuna raba ya dereva wa lori. Kuna kiatu cheupe cha muuguzi. Kuna cha kisigino kirefu cha bibi harusi mmoja ambaye sasa ana mtoto wa sekondari. Nimevitunza vyote. Kwenye ukuta wa kibanda changu niliandika kwa rangi, kwa mkono wangu huu: MALI YA MTEJA HAIPOTEI. Ndiyo sentensi pekee niliyowahi kuiandika bila kukosea. Ukiniondolea hiyo, Mheshimiwa, nabaki mzee tu mwenye vidole vyeusi. Sasa Jumatatu gunia langu limebandikwa karatasi nyekundu.

2. Nilimwambia mke wangu kwa upole, "Mama, hivi ni vya watu." Alikuwa kichwa kimo ndani ya kabati, akajibu kutoka humo humo, "Watu gani? Wana mguu mmoja mmoja?" Nikasema watakuja. Akasema, "Wakija wakukute umevilalia kama kuku." Hoja yake ni kwamba wajukuu sita wanakuja Krismasi, watalala chumbani humo, na hawawezi kulala na harufu ya miguu ya watu wasiowajua. Mimi nimelala nayo miaka minne na sijawahi kuota vibaya.

3. Naomba kujua kama sheria yako ni moja au ni mbili. Kwenye kabati la kioo, sebuleni, kuna sahani kumi na mbili zenye maua ya buluu ukingoni. Tulipewa siku ya harusi. Mimi sijawahi kulia hata moja. Mwanangu wa kwanza hajawahi, na sasa ana mvi. Nimekwenda kuzitazama: kijani, kijani, kijani, kumi na mbili zote KUBAKI. Nilipouliza nikaambiwa hizo ni za wageni. Pima mwenyewe. Yeye ana sahani zinazosubiri wageni, mimi nina viatu vinavyosubiri wenyewe. Tofauti ni kwamba wangu nawajua kwa sura, na wengine kwa unyayo.

4. Hili nilitaka kulinyamazia. Jumatano niliegemea kabati lililokuwa limebandikwa muda si mrefu, kisha nikaenda dukani kununua kiberiti. Nikaona watu wananipisha njiani. Nikasema moyoni, kumbe bado naheshimika. Nilipofika kona, jirani yetu, mwalimu mstaafu, akanitazama kutoka nyuma akasema, "Hatimaye!" Sikuelewa, nikamjibu asante. Karatasi ilikuwa mgongoni kwangu. KUTUPA, kwa herufi kubwa, kwa mwandiko wa mke wangu ambao mtaa mzima unaujua, maana ndiye karani wa kwaya. Nilipita nayo kwenda na kurudi, na hakuna hata mmoja aliyenibandua. Yaani mtaa mzima ulisoma na haukuona kosa. Nilipomwonyesha mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaibandua karatasi, akainyoosha kwa kiganja, akaihifadhi. Karatasi, Mheshimiwa, ilihifadhiwa.

5. Tangu hapo nimeanza kujipima kwa sheria yako. Kwa miezi kumi na miwili sijabeba gunia, sijapanda ngazi, sijaimba. Meno yangu ya chini nayavaa kwenye misiba tu. Maoni yangu hayajatumika nyumbani humu tangu tulipochagua rangi ya ukuta, na hata siku hiyo yalitumika ili ichaguliwe rangi nyingine. Kwa hesabu hiyo mimi si wa kijani. Lakini nisiwe mchoyo, twende mbali zaidi. Nusu ya waumini wa kanisa letu hutumika mara moja kwa mwaka, siku ya Krismasi yenyewe, kisha hurudishwa walikotoka. Nao wabandikwe? Mchungaji ataanzia benchi la ngapi?

6. Kwa kila kiatu kilicho kwangu, kiko kingine nyumbani kwa mwenyewe. Makala yako inasomwa kote. Hivi ninavyoandika, kuna nyumba ishirini na tatu ambamo mtu ameshika kiatu kimoja anauliza, "Na hiki cha nini?" Wao wakitupa vyao, mimi nitakuwa nimetunza bure. Nikitupa mimi na wao wakatunza, nitakuwa nimewaharibia jozi. Haiwezekani usafi usimame kwangu uendelee kwao. Ni lazima usimame kote kwa mpigo. Ndiyo maana ombi langu ni la nchi nzima, si kwamba napenda makubwa.

7. Hili ndilo lililonifanya niombe kalamu. Jana Alhamisi nilimwambia mke wangu kwamba mali ya watu haitupwi bila wenyewe kuambiwa. Nilidhani nimemfunga mdomo. Akavua aproni, akanawa mikono, akaenda kanisani, na kwenye ibada ya jioni likasomwa tangazo: yeyote aliyewahi kuacha kiatu kwa fundi wa mkabala na posta afike nyumbani kwake Jumapili saa nane mchana akichukue. Vitakavyobaki vinaondoka na gari la taka Jumatatu. Aliporudi akaniambia, "Si ulisema watakuja? Haya, nimewaita." Leo asubuhi jirani kaniambia muuguzi ameshauliza njia.

Hii ni dharau kwa wateja. Mtu amekaa miaka mingi kwa utulivu na kiatu chake kimoja, leo unamharakisha kwa siku tatu? Mteja mwenye adabu zake huja kwa wakati wake. Mimi sijawahi kumharakisha mtu, waulize wote.

Kwa hiyo naomba kwa heshima zote uchapishe kesho Jumamosi, ukurasa ule ule, herufi zile zile, kwamba: (a) miezi kumi na miwili ilikuwa bahati mbaya, mlikusudia miaka arobaini, (b) mali iliyowekwa kwa fundi haihesabiki kuwa takataka hata kama inanuka, (c) binadamu habandikwi, na (d) matangazo yote ya kuita watu nyumbani kwa watu siku ya Jumapili yamefutwa. Ukikosa nafasi, ondoa (a), (b) na (c). Hiyo (d) usiiguse.

Nisalimie wote hapo ofisini: wapiga chapa, mlinzi wa getini, mama anayewachemshia chai. Aliyeandika makala ile nisalimie pia, lakini kwa mbali. Mke wangu naye angekusalimu ila amepanda juu ya meza, anafuta balbu, na ameniambia nisimsemeshe.

Ni mimi, niliye tayari kujibu maswali yoyote ila ya nyumbani,

Fundi Viatu Mstaafu
(wateja wangu huniita Fundi Kesho)

N.B. Kabla ya kufunga bahasha nimelivuta gunia nikavipanga viatu sakafuni, ili Jumapili nijue kipi ni cha nani. Mheshimiwa, barua hii usiichapishe.

Wale watu walikuja kule kibandani. Dereva wa lori alikuja mara nne, mara ya nne aliacha lori linanguruma barabarani. Muuguzi alikuja mpaka akaacha kunisalimu, akawa anasimama tu mlangoni na ndala mguu mmoja. Bibi harusi alikuja asubuhi ya harusi yenyewe, nywele zimeshatengenezwa, na nasikia aliingia kanisani na viatu vya dada yake vilivyomzidi namba mbili. Wote niliwaambia njoo kesho, kwa sauti ya upole kabisa, mpaka siku moja mtu haji, nami nikaweka moyoni kwamba mteja amesahau kiatu chake. Katika ishirini na tatu, vilivyoshonwa ni viwili. Na kimoja nimekishona kwa uzi wa rangi nyingine.

Mke wangu amenikuta hapo sakafuni katikati ya viatu hivyo. Akavitazama akasema, "Unadhani sikujua? Nani alikuwa akikuletea chakula kule kibandani miaka yote ile? Niliwasikia wote." Nikangoja aendelee, maana huwa anaendelea. Akapangusa stuli kwa kitambaa chake, akanisogezea. "Jumapili ni keshokutwa, mzee. Anza na cha bibi harusi."

Nimeanza. Sindano ipo, nyundo ipo, macho yapo nusu. Kisigino cha bibi harusi kimekubali misumari miwili ya kwanza bila ubishi, na nimegundua kilikuwa kazi ya robo saa. Tatizo ni gundi. Kopo langu nimelifungua, ndani kuna jiwe.

Sasa sikiliza. Bango la gazeti lako lilining'inia kwenye ukuta wa kibanda changu miaka kumi na minane. Lilinizibia dirisha, nikawa nashona kwa kupapasa, na sikuwahi kufungua mdomo. Basi na wewe nitendee dogo hili. Mwambie muuza magazeti wako, huyu anayepita mtaani kwetu kila asubuhi, aniletee kopo moja la gundi ya viatu, la ukubwa wa kati. Afike kesho kabla ya saa mbili. Na anipitishie dirisha la nyuma, kwa sababu mbele pamepigwa deki na hakuna ruhusa ya kukanyaga.