Nubia Hushona kwa Mate

Jumatatu, 24 Februari
Nimenyang'anywa! Kundi la wacheza ngoma ya kumbia limempa Nubia kazi ya nguo za kanivali. Nubia huyu huyu, jirani wa ng'ambo ya barabara, mjane mwenye cherehani moja! Mimi nina mashine ya kuchapa fulana, tena mpya. Mke wangu Damaris anasema nilichelewa kwenda kuiomba. Sikuchelewa. Nilikuwa nafikiri. Leo nimefikiri tena, nikachapa fulana thelathini: NUBIA HUSHONA KWA MATE.

Jumanne, 25 Februari
Zimekwisha kabla arepa yangu ya asubuhi, mkate wa mahindi, haijapoa! Jiji hili la Barranquilla linapenda kucheka. Hata muuza samaki kavaa. Damaris hakucheka. Wivu wa kipaji.

Jumatano, 26 Februari
Nimeitwa kwa Inspekta Yadira Olmos, anayesuluhisha ugomvi wa mtaa. Nubia alikuwepo, macho mekundu. Kundi limesimamisha kazi yake. Eti wanaogopa suruali zitapasuka katikati ya ngoma.
Nikahutubu. Uhuru wa kusema! Katiba! Hata kasuku hafungwi mdomo, itakuwa fulana?
Inspekta akasema, "Mzee Eustorgio, mseme meya mpaka uchoke. Huyu mama anakula kwa sindano yake. Hayo mate uliyaona wapi?"
Nikajibu kwamba ni sanaa. Akanipa siku mbili nijifikirie. Nubia akanipita bila salamu. Nikahisi kitu kifuani. Huenda ni samaki wa kukaanga niliyekula mchana.

Alhamisi, 27 Februari
Balaa! Nafungua mlango, namwona muuza samaki na fulana mpya, herufi zimedariziwa: EUSTORGIO HUVAA SOKSI ZA MKEWE. Kazi ya Nubia, na mshono hauna dosari, mwanamke huyu! Soksi ni kweli. Ni laini, hazinibani. Lakini nani kasema? Nikamuuliza Damaris.
"Mimi," akajibu bila haya. "Na uzi nilimtungia mimi."
Kinyozi kaniomba nipandishe suruali kidogo athibitishe.

Ijumaa, 28 Februari
Nimefika kwa inspekta kabla hajafungua ofisi. Nikamwambia uhuru una mipaka! Heshima ya mtu! Miguu ya mtu! Akaniuliza kasuku hajambo.
Akamwita Nubia. Nubia hakutaka fidia. Alitaka jambo moja: nitangaze ukweli mahali nilipotangazia uongo, yaani kifuani. Nikikubali, soksi zitasahauliwa. Nimekubali. Kundi limemrudishia kazi, na Damaris amekwenda kumsaidia kumalizia.

Jumamosi, 1 Machi
NUBIA HUSHONA VIZURI. NILISEMA UONGO.
Nimetembea nayo kwenye gwaride, jua la utosi, nyuma ya wacheza kumbia. Waliruka, waliinama, wakazunguka. Hakuna uzi uliokatika. Nubia alikuwa pembeni na Damaris, wakinywa kitu cha baridi.
"Nyoosha mgongo, jirani!" akapaza sauti. "Watu hawasomi!"
Nikanyoosha. Nimelala na aibu yangu saa tisa alasiri.

Jumapili, 2 Machi
Ajabu! Watu kumi na wawili wamebisha hodi wakitaka fulana za kuomba radhi. Mmoja amemkosea mama mkwe, mwingine bosi, wa tatu hakumbuki amemkosea nani. Radhi inauzika! Tatizo ni moja: radhi haiji bila tusi, na mtaa huu hautukanani vya kutosha. Lazima mtu ajitolee. Nimechapa ya kwanza, imekauka vizuri sana: INSPEKTA OLMOS ANA MASIKIO YA PUNDA.